Mtoto Namba Tisa

6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza ugomvi, na paa la ukumbi wa chekechea halijaanza tena kuvujia kona ya vitabu. Mimi mzima, ukiacha mafua. Huku baridi ya asubuhi inapenya mpaka kwenye meno, na lile sweta langu la kijani sijui nililiacha wapi. Nimepekua sanduku mara tatu. Muuguzi ninayeishi naye chumba kimoja ameniazima koti lake, ila yeye ni mrefu, kwa hiyo natembea kama mtoto aliyevaa nguo za baba yake.

Pilipili wangu hajambo? Bado anasemesha mpaka kuku? Nilipopiga simu wiki iliyopita alipumua tu, nikamsikia anavyopumua, basi. Ameanza kuona haya, yeye ambaye mdomo wake haujui mfuniko! Umefanya vizuri kuamua abaki nyumbani na dada wa kazi mpaka mwakani. Miaka minne bado midogo. Mwambie mama yake anamsalimu na zawadi ipo.

Najua kwako simu ni ya misiba na ya kusema "nimefika", ndiyo maana nakuandikia. Jambo lenyewe ni hili. Shahada yangu ya uzamili imeingia mwaka wa pili na tasnifu imekwama sura ya nne. Nachunguza jinsi watoto wadogo wanavyoachana na wazazi wao getini asubuhi. Msimamizi wangu tunamwita Rekebisha, kwa sababu kila sura ninayompelekea inarudi na neno hilo moja kwa wino mwekundu. Sasa anasema watoto wa chekechea ya mazoezi ya hapa hawatoshi, anataka kumi na wawili wa kwingine. Nikakukumbuka wewe.

Nimefunga fomu ndani ya bahasha hii. Masharti ni machache lakini ni makali. Usiandike jina la mtoto popote, namba tu, moja hadi kumi na mbili, na mimi nisijue ni mtoto wa nani. Mzazi au mlezi atie sahihi kwenye karatasi ambayo utaifungia kabatini kwako. Halafu andika unachokiona, si unachokidhani. Usiandike "ana huzuni", andika "ameinamisha kichwa". Na tafadhali wawe kumi na wawili kamili. Akipungua mmoja, Rekebisha atanirudisha mwanzo.

Ruhusa yangu ya masomo inaisha Desemba. Unaujua mkataba niliotia sahihi pale chuo cha ualimu: nirudi na shahada, la sivyo kiti changu atakikalia mwingine. Nisaidie, Shangazi.

Mwanao,
Chaki

2 Machi

Chaki wangu,

Marahaba. Nitakuita hivyo mpaka nizikwe, kwa kuwa aliyekula chaki nzima mbele ya darasa langu ni wewe, si mimi. Goti ni kiziwi, halisikii dawa wala dua. Paa linavuja palepale, na vitabu vya hadithi vimenenepa kuliko mwalimu wao.

Fomu zako nimezipata. Juu zimeandikwa "Ushuhudiaji"! Nikajiona niko mahakamani. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mmoja na hakuna aliyewahi kunikataza kudhani, maana kudhani ndiyo kazi yenyewe. Lakini maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Siku kumi nimesimama getini na daftari kama karani wa sensa. Wazazi wengine wamefikiri nawaandika wanaochelewa, na sasa wanawahi. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya elimu ya juu niliyoiona kwa macho yangu.

Sahihi zimepatikana. Mama mmoja alitaka kujua kama mwanawe ataonekana kwenye televisheni, nikamwambia ataonekana kwenye kabati. Wamefika kumi na wawili, kama ulivyotaka. Usiniulize nimewapataje.

Pilipili hajambo. Anakula, anaoga, amerefuka. Siku hizi ametulia.

Fomu zinakuja na basi la Jumanne. Vaa soksi mbili.

Shangazi yako

11 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya shukrani. Natumaini u mzima na ukumbi mzima. Nimefurahi kusikia Pilipili ametulia. Ni umri, wanapita hapo wote.

Shangazi, fomu zako! Nimezisoma nimekaa sakafuni, zimenizunguka chumba kizima mpaka muuguzi akakosa pa kukanyaga. Kumbe wewe ni mtafiti, ulikuwa unatuficha tu. Namba 2 anayeuma mkono wa mlinzi kila Jumatatu, Namba 5 anayemwaga machozi mpaka baba yake afike kona ya barabara halafu anacheka, nimewaona kama nimesimama hapo getini.

Lakini aliyenishika ni Namba 9. Nimeinakili ile fomu kwa mkono wangu: "Mlezi ameachia mkono wake getini. Hakugeuka. Hakulia. Amekwenda ukutani, amepanga vifuniko vya chupa mstari mmoja. Ameshika kipande cha nguo ya kufumwa, cha kijani, kimechakaa. Hakusema neno mpaka saa nne. Mtoto mwingine akilia getini, anakwenda kusimama karibu naye na kumtazama usoni." Na hii ya mchana: "Wenzake wamelala. Namba 9 amelala chali, macho wazi, ameshika pindo la sketi ya mwalimu."

Nilimsomea Rekebisha. Aliomba nirudie, halafu akaandika "Vizuri sana" pembeni. Kwa wino mwekundu uleule! Anasema Namba 9 ndiye moyo wa tasnifu, kwa sababu watu wote hukimbilia mtoto anayelia, kumbe wa kuhofiwa ni asiyelia. Anayelia anajua ana mtu wa kumlilia.

Mimi naruhusiwa kudhani, na wewe huruhusiwi. Nadhani kuna mtu aliondoka wakati huyu mtoto amelala mchana. Ndiyo maana hafungi macho. Naomba uniandikie zaidi juu yake. Mzazi wake yuko wapi?

Hapa mimi nashinda nyuma ya kioo. Chekechea ya mazoezi ina chumba kidogo chenye kioo cha upande mmoja: mimi nawaona watoto, wao wanajiona wenyewe. Leo mmoja alikuja kubandika ulimi wake kwenye kioo, mbele ya pua yangu. Nilicheka peke yangu humo ndani, halafu nikajisikia vibaya sana, sijui kwa nini.

Mwanao,
Chaki

20 Mei

Chaki,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Ningeweza kukuambia ni goti, au mvua, au kwamba mpishi aliugua nikashika mwiko mwenyewe wiki mbili, na yote hayo ni kweli. Lakini si hayo yaliyonichelewesha. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaiweka kwenye daftari la mahudhurio, na kila asubuhi nikiita majina inanitazama.

Umeomba zaidi juu ya Namba 9, haya. Vifuniko vyake sasa ni arobaini na vitatu. Mwenzake akichukua kimoja hapigani, anahama ukuta. Ameanza kusema maneno mawili: "sitaki" na "bado". "Bado" anaisema akiulizwa kama anataka kulala. Siku ya Alhamisi simu iliita ofisini kwangu, akaacha kila kitu akaja kusimama mlangoni mpaka nilipomaliza kuongea. Alikuwa ni mtu wa mabomba. Nilipokata, akarudi kwenye vifuniko. Nimeandika nilichokiona, sikudhani kitu.

Umeuliza mzazi. Baba alishaoa kwingine, huyo hatumhesabu. Mama yupo, yuko mbali kwa shughuli zake, mtoto anatunzwa na mlezi. Ni mama mwema, na ana akili nyingi. Tatizo hajui. Mlezi wake anashindwa kumwambia, kwa sababu kila akishika kalamu anaona kwamba atamvunjia safari mtu aliyekwisha kufika katikati ya mto. Basi wewe msomi nakuuliza: huyo mama nimwambie nini?

Pilipili hajambo.

Shangazi yako

3 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hapa tuko salama, ila muuguzi ana mitihani na chumba kina harufu ya dawa ya meno na hasira. Natumaini mabomba yamepona. Pilipili mnunulie vifungo vikubwa vya rangi ajifunze kutunga. Ukiweza mwambie aniimbie kidogo kwenye simu Jumapili.

Swali lako nimeliwaza siku tatu, kwa sababu nataka kulijibu kama mtaalamu, si kama mpita njia. Mwambie huyo mama ukweli wote, usimpambie. Mlezi anayemficha hamsaidii, anamlea mama badala ya mtoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie mwanawe hakutulia, amenyamaza, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mwambie aje. Hata kwa siku chache, aje. Hakuna shughuli duniani inayoshindwa kungoja wiki moja, na akisema ipo, muulize ni nani aliyemwambia hivyo.

Na lililo kubwa zaidi: akija asitoroke tena wakati wa kuondoka. Watu wengi hutoroka wakidhani wanamhurumia mtoto, kumbe wanajihurumia wenyewe, hawataki kuyaona machozi. Amuage mtoto akiwa macho, mchana kweupe, amwambie nakwenda na nitarudi. Mtoto atalia. Mwache alie.

Kusema kweli nimemkasirikia huyo mwanamke. Samahani, sikupaswa kuandika hivyo. Sura ya nne inakwenda vizuri.

Mwanao,
Chaki

19 Juni

Chaki,

Huyo mama nimemwambia. Sasa hivi anasoma.

Ulitaka kumi na wawili. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja waliotiwa sahihi, na wa kumi na mbili nilikuwa naye mkononi kila asubuhi, kwa sababu dada wa kazi aliolewa Novemba na sikuwa na pa kumwacha. Ile sahihi ya mlezi niliitia mwenyewe. Mwanzo nilisema ni kujaza hesabu tu. Baadaye nilisema, mama atamjua. Jina nimekatazwa kuandika, lakini mama atamjua mwanawe hata kwa namba, na itakuwa si mimi niliyemwambia. Uoga wangu niliuvika masharti yako.

Sweta lako hukulipoteza. Lilibaki kwenye kitanda alipokuwa amelala mchana ule ulipoondoka. Mikono ilichanika, nikaishona, ikachanika tena, sasa kimebaki kipande.

Nisamehe kama unaweza. Au usinisamehe, lakini andika.

Shangazi yako

30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Najua ulipiga simu, mara saba kwa hesabu ya muuguzi, wewe usiyependa simu. Nilikuwa naitazama inavyoita.

Mwanzo nilikukasirikia wewe. Nilikuandikia barua nne za matusi ya adabu, yale yanayoanza na "kwa heshima zote", nikazichana. Halafu nikachukua fomu ya Namba 9 nikaisoma upya, na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nadhani nilijua. Pale kwenye macho wazi mchana na pindo la sketi, niligeuza ukurasa haraka, nikaandika uchambuzi mzuri sana. Mtoto ninayemkumbuka mimi anapiga kelele, anabishana na kuku. Huyu aliyenyamaza sikutaka kumfahamu. Nilimwondokea amelala, Shangazi, nikiwa nimevua viatu na kuvibeba mkononi.

Nilikwenda kwa Rekebisha nikamweleza yote. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema mtafiti hamchunguzi mwanawe, hilo halina mjadala. Namba 9 atoke. Apatikane mtoto mwingine, uchambuzi uandikwe upya, na nikiwahi kikao cha Novemba nitatetea tasnifu. Nikichelewa ni Machi, na Machi ruhusa yangu imekwisha na kiti kimekwenda. Nikaomba nimlete mtoto niishi naye hapa. Mwangalizi wa bweni alinionyesha kanuni iliyobandikwa mlangoni: watoto hawaruhusiwi. Jengo zima limejaa wanaosomea watoto.

Nikiacha sasa, narudi mikono mitupu, sina kazi, na miaka miwili ya kuwa mbali naye itakuwa imekwenda bure kabisa. Nikibaki, yeye anaendelea kupanga vifuniko. Nimebanwa mbele na nyuma. Vitabu vyote vilivyo kwenye meza yangu vinamwambia mama arudi nyumbani, na ili nipewe cheti cha kuwa nimevielewa lazima nibaki hapa. Naona hata Rekebisha amelijua hilo, maana siku hizi hanitazami usoni.

Nimepata siku tisa. Muhula unafungwa tarehe 20 Agosti, naingia kwenye basi siku hiyohiyo. Tarehe 30 lazima niwe njiani asubuhi. Sina jibu jingine, nimelitafuta kila mahali.

Usimwambie kama nakuja, nisije nikakwama njiani akangoja bure. Hapana, mwambie. Mwambie leo.

Chaki

2 Septemba

Chaki wangu,

Najua umefika, kwa kuwa ulipiga simu ya "nimefika" kama nilivyokufundisha. Goti langu halijambo, na lako nalipelekea pole, kwani siku tisa ulikaa sakafuni kwenye vifuniko na wewe si mtoto tena. Dirisha la ofisi umelisahau wazi. Sanduku umelikumbuka, koti la muuguzi umelikumbuka, na kile kipande cha kijani nimemwona mwenyewe Pilipili akikurudishia mkononi pale getini, ukakikataa, akakusukumia tena. Kikae huko, huko ndiko kwenye baridi.

Kwanza kazi. Namba 9 wako mpya yupo, mtoto wa fundi viatu, analia kama king'ora cha zimamoto. Baba yake ametia sahihi akinishukuru, nadhani anatumaini utafiti utamnyamazisha. Fomu zake zinakuja na basi la Jumanne. Andika haraka, uwahi kikao chako cha Novemba, urudi. Nimemwambia Pilipili ni vifuniko tisini na vitatu, kila siku tunatia kimoja kwenye chupa, na chupa ikijaa wewe uko hapa. Kwa hiyo ukichelewa siku moja si Rekebisha utakayemjibu.

Sasa hili la pili. Ulipokata kona hukugeuka, na ulifanya sawa, uliniambia mwenyewe kwamba ukigeuka hutaondoka. Kwa hiyo hukuona. Nilikuwa na fomu moja iliyobaki, nikaandika nilichokiona:

"Saa mbili na dakika tano. Mama ameaga, amepiga magoti, amesema nakwenda na nitarudi. Ameondoka kwa miguu, amevaa viatu. Mtoto amesimama ameshika nondo za geti. Saa mbili na dakika saba mama hayupo barabarani. Mtoto amegeuka kumtazama mwalimu. Amefungua mdomo. Amelia. Amelia kwa sauti kubwa, ameita mama, ameketi chini kwenye vumbi, ameita tena. Mlinzi ametaka kumnyamazisha, mwalimu amekataa. Namba 5 amekuja kusimama karibu naye. Saa tatu kasoro dakika kumi amenyamaza. Amemwambia mpishi: Mama yangu ameondoka. Amemwambia mlinzi: Mama yangu ameondoka, atarudi, mimi nililia. Amemwambia mtu wa mabomba. Mpaka saa sita alikuwa bado anawaambia watu. Saa saba amelala, macho amefumba."

Dakika arobaini na tatu, kwa saa ya ukutani. Na mimi, mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, nilisimama pale nikimsikiliza mtoto analia na sikumnyanyua, nikimshukuru Mungu kwa kila yowe. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hiyo ni habari njema. Basi nakuandikia habari njema.

Hiyo fomu usimpelekee Rekebisha. Pale juu kwenye nafasi ya namba nimeandika Pilipili.

Shangazi yako